Yasinta na fimbo ya mkono mmoja

Yasinta Kilua amepiga magoti juu ya jiwe lenye unyevu, fimbo ameibana kwapani, ncha ya uzi ameiuma kwa meno. Mkono wa kulia unapitisha uzi kwenye tundu la ndoana, unazungusha, unavuta. Fundo limekaa. Anasimama, anautikisa mkono kidogo tu, na nzi wa bandia wa manyoya anatua majini kama aliyedondoka mwenyewe kutoka kwenye jani.

Nyuma yake wamesimama wageni wanne waliopanda kutoka Korogwe mjini na Tanga. Ni asubuhi katika kata ya Bungu, kwenye milima ya Usambara, na ukungu bado unapanda kutoka mabondeni.

"Msimtazame nzi," anawaambia bila kugeuka. "Tazameni uzi. Ukisita, inua."

Uzi unasita. Anainua. Kuyu mwenye magamba ya fedha anajitokeza, anapigapiga mkia. Ndoana haina mwiba wa pembeni, kwa hiyo Yasinta anapolegeza uzi, samaki anachomoka na kurudi alikotoka. Mgeni mmoja anaguna kwa masikitiko, kama aliyeona kitoweo kikimwagika.

Yasinta ana umri wa miaka 46. Hana kiganja cha kushoto.

Alikiacha kwenye kiwanda cha shamba moja la mkonge katika tambarare za Korogwe, alikokuwa akilisha katani kwenye mashine ya brashi ya kusafishia nyuzi. Asubuhi moja singa zilimzunguka vidole, na mashine haikumsubiri ajinasue.

"Sikusikia maumivu mwanzoni," anasema. "Nilisikia wenzangu wakipiga kelele, nikajiuliza nani ameumia."

Alipotoka hospitali alirudi kwao Bungu. Mumewe alikwishafariki, na mwanawe wa pekee, Laurenti, alikuwa fundi ujenzi Dar es Salaam, kazi leo ipo kesho haipo. Aliyempokea ni kaka yake mkubwa, Gerald, aliyempa chumba na sahani mezani pake mwaka mzima bila kumuuliza atakaa mpaka lini.

Jembe lilimshinda. Kuchuma chai kulimshinda. Hata kufunga kitenge ilibidi wifi yake, Justa, amsaidie. "Niliona haya kula," anasema. "Nilikuwa najipakulia kidogo, nasema nimeshiba."

Kisha akaja Sabiri Mhina.

Sabiri ni mfanyabiashara wa Segera, kwenye njia panda ya magari ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam. Duka lake ni la vipuri vya pikipiki, lakini kona moja imejaa fimbo nyembamba zinazoingiana kama antena ya redio. Ni za tenkara, uvuvi wa vijito vya milimani uliotoka Japani. Kuna fimbo, uzi uliofungwa kwenye ncha yake, na nzi wa bandia. Basi. Hakuna kigurudumu cha kukunjia uzi wala mzigo wa vifaa. Sabiri aliagiza ya kwanza kwa udadisi baada ya kuona video kwenye simu. Leo kundi lake la mtandaoni lina madereva, walimu, wauguzi na mafundi wanaotoka Handeni, Muheza hadi Dar es Salaam.

Walipoanza kupanda Bungu walitafuta mtu wa kuwapikia. Justa alichukua kazi hiyo, naye akamchukua Yasinta awe anachochea moto.

"Wenzangu walikuwa wanatazama samaki," Yasinta anakumbuka. "Mimi nilitazama mikono yao ya kushoto. Haikuwa na kazi. Mmoja kautia mfukoni, mwingine kashika kikombe cha chai."

Aliacha moto, akamwendea Sabiri. "Kijana wangu, naomba nijaribu."

Sabiri anakiri alisita. "Nilitazama mkono wake, nikaona aibu kwa kuutazama. Nikasema, 'Karibu, mama.' Uzi wa kwanza alinasa mti. Wa pili alininasa mimi, kwenye kofia. Sikumnyang'anya."

Jua lilipozama bado alikuwa majini hadi magotini, na ugali ulikuwa umeungua.

Kuvua kulihitaji mkono mmoja. Kutengeneza nzi kulihitaji miwili. Laurenti alipokuja likizo alimchongea jiliwa dogo la mti la kubana ndoana. Uzi wa cherehani anaukaza kwa meno, na unyoya wa shingo ya jogoo anauzungusha taratibu ukielekea mbele, mithili ya mwavuli uliopinduliwa na upepo. Ukivutwa majini unafunguka na kufumba, unapumua. Nzi mmoja anauzwa shilingi elfu mbili dukani kwa Sabiri. Kuna wakati Sabiri alishauri atumie singa za katani kwa kiwiliwili cha nzi.

"Nilimwambia hapana," anasema Yasinta.

Kwa posho ya kuwaongoza wageni na nzi anaouza, alipanga chumba chake. Hapati kama alivyopata kiwandani, lakini alianza tena kujipakulia chakula cha kumtosha.

Mambo yaliharibika mwaka jana, wakati wa kiangazi. Jumamosi moja aliwafikisha wageni kwenye bwawa ambalo kundi linaliita Sebuleni, wakakuta maji yamegeuka meupe kwa matumbo ya samaki. Mtu alikuwa ametwanga utupa, mti wenye sumu ya kulewesha samaki, akaumwaga. Walikufa wakubwa, wakafa na vifaranga visivyozidi ukucha. Wageni walikunja fimbo zao wakaondoka.

Kesho yake ilikuwa kipaimara cha binti wa Gerald. Yasinta aliketi na ndugu, akaletewa sahani. Wali, na juu yake kuyu wa kukaanga.

"Nilimtazama wifi. Akatazama chini."

Alisubiri wageni wa sherehe waondoke, akamfuata kaka yake uani.

"Kaka, samaki wametoka wapi?"

"Nilikulisha mwaka mzima," Gerald akajibu. "Leo unanihesabia samaki?"

"Ulinilisha, kaka. Sijasahau. Ila sasa wanaonilisha ni hao."

Tangu siku hiyo Gerald hakuitikia shikamoo yake. Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alimuuliza Yasinta kama anamjua aliyemwaga sumu. Alisimama akasema anamjua, lakini hatamtaja. Wengine walimzomea. Gerald alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, mikono magotini.

Wageni hawakurudi msimu ule wote. Kodi ya chumba ilimshinda, na mlango aliokuwa akiukimbilia zamani haukuwa wazi tena. Alikaa kwa jirani, akiendelea kutengeneza nzi wasiokuwa na mnunuzi.

Mvua za masika ziliponyesha, kuyu wachache walipanda kutoka chini ya mto. Wiki ile ile watu walimwona Gerald na sururu mpakani mwa shamba lake, aking'oa ua wote wa utupa uliopandwa na baba yao. Alirundika miti, akaichoma. Hakumwambia mtu sababu.

Yasinta alipita njiani. "Shikamoo kaka."

"Marahaba," Gerald akasema, akaendelea kung'oa. Jioni Justa alileta debe la mahindi.

Hawajawahi kulizungumza jambo hilo. Yasinta anasema hadhani kama watalizungumza.

Wageni wamerudi, naye sasa anafunga safari. Kule Kwaluguru, wilayani Handeni, yupo Chausiku, waliyelisha naye mashine moja, aliyepoteza vidole vitatu. Anaishi karibu na lambo lenye perege, na wanawake wenzake wamemwambia Sabiri wanataka kujifunza kuvua na kutengeneza nzi. Kuku wa kienyeji wamejaa huko, kwa hiyo manyoya hayatakuwa shida. Yasinta atakaa mpaka mikono yao izoee.

Akiwa huko, wageni wa Bungu watapokewa na Gerald. "Kuvua siwezi kuwafundisha," anasema kaka huyo, akitazama maji. "Ila nitakaa hapa. Hakuna atakayetia kitu."

Yasinta anaingiza vipande vya fimbo kimoja ndani ya kingine, akikisukuma cha mwisho kwa paja.

"Juzi Chausiku aliniuliza kwenye simu kama ataweza. Nikamwambia sijui, dada. Nakuja, tutajua tukiwa majini."