Kwa Nini Bomba Lilipinda

Mtaa mzima ulimwita Fundi Rula, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo. Kwa miaka thelathini na mitano alitandaza nyaya za simu za mezani, na kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna nguzo aliyoisimamisha ikainama wala mtaro aliouchimba ukaenda kombo. Alipostaafu, simu za mezani nazo zikastaafu, ila jicho lake liligoma. Akitumwa sukari dukani alichukua saa nzima, maana kila waya uliolegea njiani ulikuwa na kesi ya kujibu.

"Huu ni waya au kamba ya kuanikia nguo?" aliuliza kwa hasira, na mwenye duka, ambaye hajafunga waya hata mmoja maishani mwake, aliomba radhi ili yaishe.

Nyumbani, mwenye nyumba alikuwa mkewe, Mama Pacha. Hilo si utani. Nyumba aliachiwa na baba yake, na hati ilikuwa na jina lake. Mama Pacha alishona sare za shule, na siku hizi wateja walitaka kuona picha kabla ya kuagiza. Tabu ilikuwa mtandao. Ulipatikana mahali pamoja tu: jikoni, kando ya dirisha, juu kabisa karibu na dari. Basi mama wa watu, miaka sitini na miwili, alipanda juu ya kigoda, akanyoosha mkono wenye simu kama anayechuma papai, akangoja sketi moja ya bluu iende. Sketi ilichukua dakika nane. Suruali, kwa sababu anazozijua Mungu, kumi na moja. Mwezi uliopita alianguka, goti likavimba. Fundi Rula alimkanda kwa maji ya moto huku akiyalaani makampuni ya simu moja baada ya jingine, lakini kesho yake asubuhi akamkuta juu ya kigoda tena.

"Ukivunjika kiuno je?"

"Nitashona nimekaa. Kwani huwa nashona nimesimama?"

Ndiyo maana siku zilipokuja habari kwamba mkongo wa intaneti ya kasi unafikishwa kila kata, na kwamba sasa ni zamu yao, Fundi Rula alishindwa kumaliza chai. Na kama hiyo haitoshi, injinia wa kazi alimfuata nyumbani kwake. Alikuwa binti mwenye buti kubwa na sauti ndogo.

"Shikamoo mzee. Tunahitaji msaada wako. Lami hii ni mpya, manispaa wamekataa katakata isikatwe. Lakini chini kuna bomba lenu la zamani la simu. Tukilipata, kebo inapita humohumo na kazi imekwisha."

"Marahaba. Mmekuja kwa mwenyewe."

"Tunajua. Ramani umesaini wewe." Akamwonyesha kwenye tableti. Ilikuwa ramani ya zamani, mstari umenyooka upande wa pili wa barabara toka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, na pembeni saini yake yenye mkia mrefu.

Kichwa kilivimba, kikavimba hasa. Alipewa kizibao cha kung'aa na kofia ngumu, akavivaa hadi mezani wakati wa chakula. Mama Pacha alimuuliza kama wali nao unaweza kumwangukia kichwani.

Kesho yake wachimbaji walichimba shimo la kwanza pale ramani iliposema. Hamna kitu. Fundi Rula akasema wachimbe kwenda chini zaidi. Wakachimba hadi mchimbaji mrefu kuliko wote akabaki kichwa tu. Hamna. Shimo la pili, hamna. Walipokuwa kwenye la tatu, Fundi Rula aliinua macho akatazama ng'ambo ya barabara, akaliona geti la nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amekumbuka. Uongo ule aliutunza vizuri mno, hata akasahau alipouweka.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka thelathini na minane iliyopita, siku ya kupima, alipita na kamba yake upande ule uliochorwa ofisini. Ng'ambo, dirishani, alikuwepo msichana na cherehani, anagombana na uzi. Alikuwa anautukana uzi ule kwa adabu kabisa, kama mwalimu na mwanafunzi mzito. Fundi alisahau vipimo vyote, ikabidi aanze upya. Na alipoanza upya, bomba likavuka barabara, wakati huo ya vumbi, likapita mbele ya dirisha lile, halafu likarudi upande wake kama halijafanya lolote. Kazi ya siku sita ikawa ya wiki tatu. Kwa bosi alisingizia mwamba. Kwenye ramani akachora mstari ulionyooka, kwa kuwa bosi alipenda mistari iliyonyooka na hakupenda kutoka ofisini. Na kwa msichana na baba yake akasema ametumwa na kazi, ramani ndiyo imepita hapo, yeye ni mtumishi tu.

Toka hapo Mama Pacha alikuwa na utani wake. Mtu akimuuliza walikutanaje, alijibu, "Bomba lilipita hapa. Lingepita mtaa wa pili, angeoa wa mtaa wa pili." Watu walicheka, na Fundi Rula alicheka kuliko wote.

"Mzee, bomba liko wapi?" injinia aliuliza.

"Ardhi husogea, mwanangu."

"Imesogea na bomba zima? Lilikodi gari?"

Fundi Rula akakuna kofia, maana kichwa hakikufikika.

"Leo ndiyo siku yetu ya mwisho hapa," binti akaendelea, na sasa hakutania. "Jioni tunahamia kata nyingine. Tusipolipata, mtaa huu unaingia awamu ijayo."

"Awamu ijayo ni lini?"

"Mzee, si umefanya kazi serikalini wewe?"

Alielewa. Akatazama tena nyumbani kwake. Dirishani mwa jikoni, juu kabisa, ulionekana mkono umeshika simu. Mkono peke yake, unatafuta mtandao. Fundi Rula akavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, akakanyaga chini hatua mbili kutoka getini.

"Chimbeni hapa."

Injinia alisema hawezi kuchimba mbele ya nyumba ya mtu bila mwenye nyumba kuridhia. Mama Pacha akaitwa, akatoka na futi ya kupimia shingoni, akasaini na kuwaonya wasiguse maua yake. Jembe halikufika mbali. Kwenye kina cha goti liligonga bomba la kijivu, zima kabisa. Wachimbaji wakapiga kelele kama timu yao imefunga bao. Wakaingiza waya wa kuvutia kebo upande huu, ukatokea mwanzo wa mtaa bila kukwama popote. Mama Pacha akapiga makofi. Fundi Rula akashusha pumzi, akadhani yamekwisha.

"Bado fomu," injinia akasema. "Ramani inasema kule, bomba liko huku. Mfumo haunikubalii kufunga kazi bila sababu ya mpindo. Nichague nini? Kuna mwamba, mti, jengo, maji, au nyingine."

Mwamba! Ulikuwa palepale, wa kwanza kwenye orodha, kama uliwekwa kwa ajili yake. Neno moja tu, na jina lake lingebaki limenyooka hadi kaburini. Alifungua kinywa.

"Hizo sababu za nini?" Mama Pacha akadakia, anacheka. "Hili bomba ndilo lililoniletea mume. Lingepita mtaa wa pili, angeoa wa mtaa wa pili."

Injinia akacheka. Wachimbaji wakacheka. Fundi Rula peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo akaona kwamba, baada ya kusema, Mama Pacha aliinamisha macho akaanza kuiviringisha futi yake kidoleni, taratibu, kama mtu anayengoja kitu ambacho alishazoea kutokipata. Jambo hilo lilimchoma, lilimchoma sana. Alikuwa amecheka utani ule miaka thelathini na minane.

"Nyingine," akasema.

"Nyingine ipi, mzee?"

"Hapakuwa na mwamba. Hapakuwa na mti. Ramani niliichora ya uongo." Akamwonyesha mkewe kwa kidole. "Nilimwona huyu dirishani, nikalipindisha bomba lije kwake. Sikutumwa na mtu."

Mchimbaji mmoja aliweka jembe chini polepole, asije akakosa neno.

"Hukutumwa?" Mama Pacha aliuliza.

"Sikutumwa."

"Ulilipindisha siku gani?"

"Siku ya kupima. Kabla jembe halijagusa ardhi. Hata jina lako nilikuwa silijui."

Mama Pacha alimtazama huyu mzee wake, na kofia yake ngumu, na kizibao chake cha kung'aa, na machozi yakamtoka wazi mbele za watu.

"Miaka yote hii," alisema, "nilijua mimi ni nyumba tu iliyokuwa njiani."

Fundi Rula hakujua aweke wapi mikono. Akasema nisamehe, akasema tena. Mkewe akamwambia anyamaze, mjinga mkubwa, na akamshika mkono asiondoke. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya futi na kumgeukia injinia.

"Andika, mwanangu. Andika alivyosema, usipunguze neno. Na kwenye ramani mpya huo mpindo uuchore vizuri, uonekane."