Bunduki Isiyosimama Nyuma ya Mlango

Pale Kimwani, wilaya ya Muleba, kila mwanamume mzima anajua mambo ya bunduki, na wanaoyajua zaidi ni wale ambao hawajawahi kuishika. Ndiyo maana Mwalimu Kokuberwa alipokiambia kikao cha ukoo kwamba anataka kununua silaha, hakuna aliyemuuliza kwa nini. Walimuuliza ya risasi ya ukubwa gani.

Sababu walikuwa nayo. Tangu mumewe Karugendo afariki, wezi walikuwa wamefika kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa kanisani. Walibeba kahawa yote iliyoanikwa uani pamoja na turubai lake, kwa utaratibu wa watu wanaohama nyumba. Mara ya pili walimkuta yupo. Jua lilikuwa bado halijazama, naye ameinama anakusanya kahawa kwa ungo. Waliingia vijana watatu na mapanga, na mmoja wao, kabla ya kumsukuma, alimwambia, "Shikamoo." Kokuberwa, aliyefundisha shule ya msingi hadi kustaafu, akaitikia "Marahaba" kwa mazoea ya kazi, kisha akaanguka juu ya mafiga na kuvunjika mbavu. Mbavu zilipona. Ile marahaba iliendelea kumuuma.

Ukoo ulipokutana kumpa pole, pole yenyewe ilikuja na ushauri. Mjane ahamie Bukoba mjini, Kashai, kwa binti yake Annastella aliyepanga vyumba viwili. Kibanja chenye migomba, mibuni na kaburi la marehemu kitatunzwa na shemeji yake Byarugaba, mdogo wa Karugendo. Byarugaba ndiye aliyesimikwa kuwa mrithi siku ya kumaliza matanga, akakabidhiwa mkuki wa kaka yake mbele ya watu wote. Na kutunza alikuwa ameshaanza: migomba ya mpakani aliitunza vizuri hadi mpaka wenyewe ukasogea.

"Siendi Kashai," alisema Kokuberwa. "Nitaomba kibali cha silaha, nibaki kwangu."

Walikuwa wakitafuna kahawa, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni kwa Wahaya hupewa kabla hajaulizwa shida yake, na kwa muda zikasikika taya tu.

"Basi chukua mia tatu sabini na tano," alisema mtu wa kona. "Ile inamlaza nyati."

"Walioniibia hawakuwa nyati," alisema Kokuberwa. "Mmoja aliniamkia."

"Thelathini sifuri sita inatosha," alisema Ta Buberwa, mzee wa ukoo, ambaye neno lake ndilo hufunga vikao. "Marehemu alikuwa na raifo ya namna hiyo. Nguruwe pori wote walihama."

"Walihama mahindi yalipoisha, waitu," alisema Kokuberwa, kwa neno la heshima la Kihaya.

"Walihama!"

Mabishano yakanoga. Yakatajwa mitutu, masafa, na tembo fulani wa Biharamulo aliyekuwa akiongezeka ukubwa kila alipopokewa na msemaji mwingine. Aliyewashangaza wote ni Byarugaba. Walitegemea apinge, naye akasimama akamuunga mkono shemeji yake.

"Mwanamke akitaka kujilinda, tumsaidie," alisema. "Mimi mwenyewe nitamsemea kwenye kamati ya kijiji. Ila iwe raifo, bunduki ndefu. Silaha ya mji wa mtu ni ile inayosimama nyuma ya mlango. Mgeni akiingia anaiona kabla hajaona kiti."

Wakampigia makofi. Kokuberwa hakupiga. Alimtazama shemeji yake kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyepata mia kwa mia akiwa hajawahi kupata ishirini.

Jibu alilipata siku ya pili, akipogoa majani makavu ya migomba. Kinachosimama nyuma ya mlango wa Mhaya ni mkuki, na mkuki ni wa mrithi. Raifo ya Karugendo isingekuwa sheria kutaka irudishwe polisi mwenyewe akifa, ingekuwa kwa Byarugaba hivi sasa. Alikuwa akiilalamikia serikali kwa jambo hilo kama mtu aliyenyang'anywa mke. Sasa alikuwa akisubiri nyingine. Shemeji atanunua, itasimama mlangoni, na siku moja wazee watakuja na rubisi, ile pombe ya ndizi, waseme kwa upole kwamba silaha ya mji haikai kwa mwanamke. Na mji usio na silaha, mwenye mji wa nini? Ampishe anayeulinda. Angejikuta Kashai akiwa amejigharamia mwenyewe kufukuzwa.

Ni kweli kwamba mkuki aliwahi kuushika. Alizaliwa Kagondo, Bukoba, kwa Walutheri, na akiwa chuo cha ualimu alirusha mkuki hadi akawakilisha mkoa. Lakini ule ulikuwa mkuki wa serikali. Alipoolewa Kimwani katika ukoo wa Wakatoliki walimsamehe dini yake alipozaa mtoto wa kwanza. Elimu yake wanaendelea kuitafakari.

Sasa, kumwambia Byarugaba kwamba ameelewa kungekuwa kujinyima shahidi. Kokuberwa akanyamaza, kwa ustadi wa mtu aliyekaa vikao vingi vya walimu. Kwenye maombi alieleza kwamba anataka silaha ya kujilinda nyumbani. Byarugaba alikwenda kwenye kamati ya kijiji akiwa amevaa koti.

"Huyu mama namfahamu," aliwaambia wajumbe. "Ana akili timamu, hana ugomvi na mtu, ana msimamo." Yote hayo, kwa miaka yote ya ushemeji wao, hakuwahi kumwambia mwenyewe.

Maombi yakapanda kata, yakapanda wilaya, yakafika polisi. Kila ngazi ilimuuliza kama anakunywa pombe. Ngazi mojawapo ilimuuliza huku yenyewe ikinukia rubisi. Alijibu kila swali, akarudi kila alipoambiwa arudi, akaketi kwenye kila benchi. Walioshughulika naye walizoea kumwona, na mwishowe, nadhani, walimpitisha ili wapumzike.

Alipopata ruhusa ya kununua alipanda gari kwenda Bukoba. Annastella alimpokea akiwa na uso wa mtu anayempeleka mama yake kufanyiwa upasuaji asioukubali. Wakaenda pamoja kwenye duka la Nathanieli, askari mstaafu aliyeuza nyavu za uvuvi upande mmoja na silaha upande wa pili, nyuma ya nondo. Alikuwa na sauti ya taratibu, ya mtu anayeuza vitabu vya nyimbo.

"Mwalimu, unataka kumpiga nani?"

"Sitaki kumpiga mtu. Nataka kubaki nyumbani kwangu."

"Hapo tunaelewana. Nieleze nyumba yenyewe."

Akamweleza: korido nyembamba, vyumba viwili kila upande, kuta za tofali za kuchoma, na nyuma ya ukuta wa chumba chake, hatua chache tu, jiko la jirani yake Klaudia.

Alianza na raifo, maana alijiahidi kutenda haki hata kwa silaha. Nathanieli aliithibitisha kuwa tupu, akampa. Kokuberwa akageuka nayo ndani ya duka kama angegeuka koridoni, na mdomo wa mtutu ukapiga kabati.

"Umeona," alisema Nathanieli. "Hii imetengenezwa kwa ajili ya mbuga. Risasi ya nyati ikimkosa mwizi inatoboa ukuta. Hata ikimpata inaweza kutoboa ukuta. Klaudia unampenda?"

"Sana. Isipokuwa wakati wa uchaguzi."

"Basi tusogee huku."

Shotigani aliiacha mwenyewe baada ya kuelezwa inavyolipiga bega ikifyatuliwa; mbavu zake zilishachangia vya kutosha. Zikabaki bastola. Annastella, aliyekuwa amegoma hata kuangalia, akaona moja ndogo yenye mpini mweupe.

"Hii hapa, Mama. Inaingia hata kwenye pochi."

"Kaliba ishirini na mbili hiyo," alisema Nathanieli. "Wengi huipenda kwa udogo wake. Risasi yake ni dhaifu, na mpini mfupi unateleza mkononi. Mtu mwenye panga anaweza asigundue kwamba amepigwa."

Halafu kulikuwa na bastola kubwa ya silinda inayozunguka, nyeusi, nzito, ya aina ambayo kwenye sinema mwenye nayo huwa ni mwanamume mrefu asiyecheka. Kokuberwa alitaka kuijaribu kwa sababu ndiyo iliyopendekezwa na kila kijana wa bodaboda pale Kashai.

Walikwenda kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, kwa kibali, askari akiwa pembeni na masikio ameshayaziba. Bastola kubwa ilitoa mlio, mikono ikaruka juu, na risasi ikapita juu kabisa ya karatasi na kuzama kwenye kilele cha tuta la udongo. Kokuberwa akaiweka chini polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya wageni. Akajaribu ya silinda iliyo ndogo zaidi, thelathini na nane. Hiyo ilitulia, lakini kuivuta kulitaka nguvu nyingi ya kidole, na kila alipovuta mtutu uliinama. Aliipiga ardhi mara kadhaa, kwa usahihi mkubwa.

Ya mwisho ilikuwa milimita tisa, ya ukubwa wa kati, mpini wa kuujaza mkono. Risasi zake zinapatikana bila kuzunguka nchi, Nathanieli alisema, kwa hiyo atafanya mazoezi, na mazoezi ndiyo kaliba ambayo watu hawaiulizi. Kokuberwa akatanguliza mguu wa kushoto, akakaza kiuno, akavuta pumzi na kuiachia nusu. Karatasi ikatoboka. Akarudia. Ikatoboka karibu na pale pale.

"Nani alikufundisha kusimama hivyo?" aliuliza askari.

"Chuo cha ualimu."

Askari akakubali kwa kichwa, huenda akifikiri mitaala imebadilika.

Wakiwa wanasubiri kumaliziwa taratibu, Annastella aliuliza swali ambalo kikao kizima cha ukoo kililisahau.

"Mama. Utaweza kweli kumpiga mtoto wa watu?"

"Sijui," alisema Kokuberwa. "Yule aliyeniamkia inawezekana nilimfundisha. Nimelitafuta jina lake tangu siku ile."

"Sasa?"

"Sasa nisipoijua vizuri, siku moja nitaogopa na nitamuua. Nikiijua, huenda nikamwonyesha tu akaondoka. Nitakuja huku kupiga karatasi mpaka niache kuogopa."

"Si uhamie kwangu tu, yaishe?"

"Yaishe ya nani, mwanangu?"

Annastella alinunua soda mbili, wakanywa.

Siku chache baada ya Kokuberwa kurudi Kimwani, Byarugaba alifika kwake na Ta Buberwa, na kibuyu cha rubisi. Walisema wamekuja kuipokea bunduki. Byarugaba aliingia wa kwanza, akamsalimia mwenyeji, na macho yake yakaenda moja kwa moja nyuma ya mlango. Palikuwa na fagio na mwavuli.

"Shemeji, iko wapi?"

"Kaeni kwanza, waitu. Tafuneni kahawa."

Walikaa. Walitafuna. Byarugaba alitafuna kama anayetafuna jiwe.

"Ipo chumbani," Kokuberwa alisema. "Kwenye sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa nati. Ndivyo nilivyotakiwa."

"Raifo inaingia kwenye sanduku?"

"Ni bastola."

Neno hilo lilimwia Byarugaba gumu kumeza kuliko kahawa. "Bastola! Mimi nimekusemea kwenye kamati, nimevaa koti, kumbe ni bastola! Ta Buberwa, unasikia? Silaha ya mji ni ya mrithi. Bastola, mzinga, yote ni mamoja. Atoe nikaitunze."

"Leseni ina jina langu na picha yangu," alisema Kokuberwa. "Ukikutwa nayo, Ta Byarugaba, utafungwa. Na mimi nitafungwa kwa kukupa. Kibanja chote kitabaki na nguruwe."

Byarugaba alimgeukia mzee. Ta Buberwa alikuwa amefumba macho, jambo lililomaanisha ama anafikiri, ama rubisi ni nzuri.

"Inasimama?" mzee aliuliza hatimaye.

"Nini, waitu?"

"Hiyo bastola. Ukiiegemeza ukutani, inasimama?"

"Haisimami. Inalala."

"Basi si mkuki," alisema Ta Buberwa. "Mkuki ulitolewa siku ya matanga, Byarugaba unao, hakuna aliyeugusa. Hiki ni kitu cha mama, kama cherehani yake. Cherehani hairithiwi mwenyewe akiwa hai." Akafumbua macho. "Kwa hiyo, Mwalimu, unabaki?"

"Nabaki. Wiki ijayo naanza kuchuma kahawa, na kabla ya hapo mpaka wa upande ule upimwe upya, wewe ukiwepo."

Mzee alisema atakuwepo. Alisema pia, akiinuka, kwamba milimita tisa ni ndogo mno, yeye angechukua kubwa zaidi. Ila kila mtu na mkono wake. Akatangulia njiani.

Byarugaba alibaki mlangoni. Alilikagua fagio. Alikagua mwavuli. Mkuki wa kaka yake ulikuwa kwake, ng'ambo ya migomba, na kahawa yake nayo ilikuwa imeanikwa uani kama ya watu wengine.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, akiangalia njia asije mzee akasikia. "Wakija kwangu, utakuja?"

"Nitakuja. Ila upige yowe, nijue wewe ni yupi."

"Yowe la namna gani?"

"La kwako, Ta Byarugaba. Nitalitambua."

Alisimama kidogo akilifikiria jambo hilo, akaaga, akaondoka kupitia njia ya mbele, iliyo ndefu zaidi, na siyo ile ya mkato inayopita mpakani.