Mibuni Iliyolala Chini

Mwaka 1974, nikiwa na miaka ishirini na minne, nyumba yangu karibu na Ngerengere ilibomolewa ili tuhamie kijiji cha ujamaa. Wenzangu wakahamia. Mimi kichwa kigumu nikapanda milimani kwa wakwe. Hapo ndipo shida zilipoanza.

Huku Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mjomba wa mke wangu ndiye aliyegawa mashamba ya ukoo wao. Alinipa kipande cha bondeni, kwenye joto, kwa sharti moja: nilime mahindi na maharage, nisipande mti. Anayepanda mti anadai ardhi, na mimi ni mtu wa kuja.

Nikapanda kahawa ya robusta. Miche alinipa bwana shamba mmoja, mtu wa Bukoba. Akanielekeza: mche ukikomaa kidogo, uinamishe mpaka ulale, ufunge kwenye kigingi, nao utatoa machipukizi mengi ya kwenda juu. Shule niliishia darasa la pili, lakini hilo lilinikaa.

Habari zikamfikia mjomba. Akaja na panga kuifyeka, nusu ya ukoo nyuma yake. Nami ndiyo kwanza nimemaliza kuinamisha. Akakuta mibuni yote imelala, imefungwa kwa kamba za migomba. Akacheka mpaka akaketi. Akawaambia watu kahawa hii ina haya kuliko mwenyewe, imejifia. Panga akalikatia muwa wangu, akaondoka akiutafuna. Mimi nikainama kama mfiwa.

Mvua zikanyesha, machipukizi yakasimama. Mwaka wa pili kahawa ilipochanua, harufu ya maua ikapanda mlima mpaka mlangoni kwake. Akashuka na panga lake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa shida.

"Mkwe, hii si ilikufa?"

"Ililala tu, mjomba. Hata wewe jana ulilala, mbona hatukukuzika?"

Hakucheka. Alipoinua panga, mke wangu akaja na watoto wetu, mdogo mgongoni, akasimama mbele ya mibuni.

"Mjomba, hawa ni wa ukoo gani?"

"Wa kwetu."

"Basi kata. Kahawa ni yao."

Mjomba akatazama watoto, akatazama panga. Akalishusha. Kisha akanigeukia kwa ukali: mbona nimeacha magugu kwenye kahawa ya wajukuu zake?

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma na bati, mbuzi sita, baiskeli, redio inayosema ikipenda, na jembe. Kahawa ni ya watoto. Wa kuipalilia ni mimi.