Kifyatulio cha Bunduki ya Ukutani

Mume wangu ni fundi bunduki, na ubishi wake wateja wanaujua. Mtu akija kuchagua bunduki ya kuwindia, kwanza anafungwa kitambaa machoni. "Jicho linapenda mbao zinazong'aa," mume wangu husema. "Huko porini anayefanya kazi ni kidole." Basi huzipanga mezani, zote tupu, keshazichungulia ndani, na mteja huvuta vifyatulio kimoja kimoja akielekea mifuko ya mchanga, kama mama anayebonyeza maparachichi sokoni.

Ile ya ukutani haishuki. Ni ya kaka yake, iliyomuua kule kijitoni, akiwinda peke yake. Tangu msiba watu wananong'ona kwamba alijitoa uhai. Mume wangu, mtu anayepima vifyatulio vya kila mpita njia, hicho hajakigusa tangu polisi walipoirudisha. Akifunga duka huipa mgongo. Mimi nikipeleka chai hupita hapo mbio. Naiogopa, sioni haya kusema.

Juzi akaja binti wa marehemu. Amepata kazi ya kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori, na kibali anacho. Akafungwa kitambaa, akaanza.

"Hiki kizito, baba mdogo. Mpaka nikivute, nguruwe keshalala kwao."

"Na hiki?"

"Kinakwaruza, halafu kinaachia ghafla."

"Jaribu hiki."

"Hiki sawa. Kinakaa, kinanisubiri, kisha kinaachia pale ninapotaka."

Nikadhani kazi imekwisha. Akabaki amekaa, kitambaa usoni.

"Sasa nipe ya baba."

Mume wangu akanitazama. Nikamtikisia kichwa, asithubutu. Akaishusha hata hivyo. Akaikagua ndani, akaikagua tena, akamkabidhi.

Binti akaielekeza kwenye mchanga. Hakuvuta. Kidole kilikuwa ndiyo kwanza kinafika, chuma kikalia. Mume wangu akaichukua, akaikoki, akajaribu mwenyewe, na kwake pia ikalia kabla hajavuta.

"Haikuwa hivi," akasema taratibu. "Aliniomba niilainishe kifyatulio, nikakataa, nikamwambia ni hatari. Atakuwa aliichonga mwenyewe nyumbani. Kaka yangu na uvivu wake wa kidole."

"Kwa hiyo hata tawi lingeweza."

"Hata kifungo cha koti, mwanangu."

Kitambaa kilikuwa kimelowa. Mume wangu akakaa chini, sakafuni kabisa, akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku ya mazishi. Sikumnyamazisha. Nami nilikuwa nalia, kwa sababu na mimi niliwahi kuamini yale maneno.

Binti akajifungua kitambaa, akajipangusa.

"Nitachukua ile ya tatu," akasema. "Lakini kwanza twende nyumbani na hii, baba mdogo. Mama anaamini baba alituchoka. Nataka aiguse."