Sahani Mbili za Ugali Kabla ya Fainali

Niliondoka Arusha kwa ajili ya fainali ya snuka, ule mchezo wa fimbo na mipira ya mezani. Mchezo huo ndio uliokuwa unanilisha, na mshindi angeajiriwa na klabu moja ya Nairobi. Ilikuwa miaka ya tisini, kipindupindu kimeenea nchi baada ya nchi. Mke wangu alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Baba Joyce, usile kwa mtu. Hata chai usinywe."

Mto wa Mbu sikununua hata ndizi, ingawa ndizi ina ganda lake. Basi lilipoanza kupanda mlima, abiria mmoja alitapika dirishani. Kona tu zilimshinda, maskini, lakini viti vyote vya jirani vilibaki vitupu.

Karatu niliingia jioni, mwekundu kwa vumbi. Waandaaji walinipangia kulala kwa Lohay, Mwiraqw mpole, ambaye ndiye niliyekuwa nicheze naye kesho yake. Mkewe, Mama Paulina, aliandaa ugali, mlenda na maziwa mgando.

"Karibu mezani, shemeji."

"Asante, nimeshiba."

Nilimtazama Lohay akinisogezea bakuli. Mpinzani gani anakukirimu hivi? Nilikuwa na biskuti kwenye begi, nikawa nazila kwa siri nyuma ya choo. Njaa ikiuma, naomba njia ya chooni, naenda. Asubuhi nilikataa uji pia, nikaenda tena.

Gari la kutupeleka Ngorongoro kwenye fainali lilipofika, alishuka bwana afya aliyekuwa akikagua wasafiri. Mama Paulina alimwendea moja kwa moja.

"Huyu mgeni hali, hanywi, na tangu jana yuko chooni tu."

Bwana afya akarudi nyuma. "Mzee, wewe fainali huchezi. Unaenda kambi ya wagonjwa."

"Siumwi! Nilikuwa nakula biskuti."

"Biskuti? Chooni?"

Hakuna aliyecheka. Niliona Nairobi inaniponyoka hivihivi. Sikutegemea neno lolote kutoka kwa Lohay. Mimi nikiondolewa, kombe ni lake. Lakini alisema, "Mpeni ugali. Akila ukatulia tumboni, twende. Mimi sitaki ushindi wa bure."

Nikanawa, nikakaa uani, majirani wamejipanga kwenye uzio. Nilikula sahani nzima. Lohay akasema, "Mwongezee." Nikala na ya pili, jasho linanitoka. Bwana afya alinichunguza kitambo kirefu, halafu akanifungulia mlango wa gari.

Juu Ngorongoro, kwenye hoteli yenye meza, ukungu ulikuwa umeziba madirisha na baridi inauma. Mipira ilikuwa imeoshwa kwa dawa mpaka inanuka. Tulisalimiana kwa kugonganisha fimbo. Nilicheza vizuri, ila kila nilipoinama juu ya meza ugali ulinipanda kooni. Tulifika mpira mweusi wa mwisho tukiwa sawa. Nikaukosa. Lohay hakuukosa.

Iliniuma sana, na bado inaniuma. Aliniokoa, hilo siwezi kulikana. Sahani ya pili tu ndiyo sijaielewa mpaka leo.

Nilirudi Arusha nikiwa sina Nairobi. Mama Joyce alinisubiri mlangoni na beseni la maji ya dawa.

"Ulikula kwa watu?"

"Nilikula."

Akanionyesha benchi la nje. Baadaye akaniletea ugali, akauweka, akasimama mbali kunitazama. Sikuwa na njaa hata kidogo. Nikanawa mikono, nikaula wote.