Kompyuta ya Lornah na Injini ya Shemeji Absalom

Shemeji yangu Absalom huwaambia watu kwamba ndiye aliyechagua kompyuta ya Lornah. Amesema hivyo kanisani, amesema matangani, na juzi alisema mimi nikiwa palepale na sahani ya wali mapajani. Nimechoka kunyamaza. Lornah ni binti yangu, na kila kipande cha kompyuta ile nilikiona kikiingia nyumbani mwangu. Acha nieleze ilivyokuwa.

Baba yake, Dalmas, alifariki Lornah akiwa bado shule ya msingi. Tuliishi Nyalenda, hapa Kisumu, mimi nikiuza mboga soko la Jubilee. Lornah hakuwa mtoto wa maneno. Redio ikiharibika, aliifungua, akaitazama, akaifunga, na mara nyingine ililia tena. Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi kwa Oketch, mtu aliyekuwa na studio ya video ghorofani mjini. Walipiga picha za arusi, mazishi na michango ya makanisa.

Kazi ya kukata filamu wakati huo ilifanywa kwa mashine mbili. Unacheza kanda kwenye moja, unarekodi kwenye nyingine, kipande kwa kipande. Ukikosea katikati, unarudi kuanza. Na kila ukinakili, picha inafifia, hadi uso wa bibi arusi unakuwa kama uji. Lornah alikaa kwenye kiti kile miaka, na mwisho wa kila kanda Oketch aliandika jina lake mwenyewe. Siku moja nilimpelekea chakula, nikamkuta bibi arusi mmoja amekuja kutoa shukrani. Oketch akamwelekezea Lornah kidevu, akasema, "Huyu? Huyu ananibebea waya." Binti yangu akainamisha kichwa akaendelea kufanya kazi. Mimi nilishuka ngazi bila kuaga.

Ndipo akaanza kutaka kompyuta yake. Si kompyuta ya kupigia chapa barua. Hizo mjini zilikuwepo. Alitaka ya kuingiza filamu ndani, aikate humohumo bila picha kufifia. Mashine kama hiyo haikuuzwa ikiwa tayari. Ilibidi ichaguliwe kipande kwa kipande na kuunganishwa.

Kulikuwa na kijana wa Webuye aitwaye Wakhisi aliyeuza vipuri vya kompyuta kwenye kiduka chembamba kama ujia, karibu na stendi ya mabasi. Lornah alikwenda kwake kila alipopata nafasi kusoma magazeti ya kompyuta ya zamani. Mimi nilimfuata, kwa sababu sikumwamini kijana yule. Niliketi kwenye kreti nikimtazama mikono. Baada ya muda niligundua kwamba hakuwa mwizi, alikuwa na mdomo tu.

"Dada, diski hii unayotaka ni ya benki," alimwambia siku moja. "Wewe unaitakia nini?"

"Ya mazishi," Lornah akajibu.

"Basi huyo marehemu ni tajiri sana."

Nilivyoelewa mimi, watu wengi huanza kwa kuuliza prosesa, ile sehemu inayofikiri, na wanataka iliyo kubwa kuliko zote. Lornah alianzia upande mwingine. Kwanza alichagua kadi ya kuingizia picha, kwa sababu bila hiyo filamu haingii. Pili, diski yenye kasi, kwa sababu filamu huingia kama maji ya bomba lililopasuka, na diski ikichelewa kidogo tu picha nyingine zinapotea. Baada ya hizo ndipo akachagua ubao mkuu, ule ambao vipande vyote huchomekwa juu yake, kisha memori. Prosesa alisema ya wastani itatosha, na Wakhisi alikuwa nayo ya mtumba.

Alifikiria hata mambo ambayo magazeti yale hayakuyasema, maana walioandika hawaishi hapa. Umeme wetu hupanda na kushuka, kwa hiyo alichagua kifaa cha umeme kizito kuliko cha kawaida. Kuna wakati usubi, vijidudu vya ziwani, huja kama moshi na kuingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, kwa hiyo alitaka kasha pana ambalo feni zake zingeweza kuwekewa kitambaa. Mimi ndiye niliyekata soksi zangu ndefu za kanisani tukazipima kwenye matundu. Usiniambie Absalom alichagua.

Kufikia mwanzo wa 1998 alikuwa na kasha, kifaa cha umeme, ubao, memori na skrini kubwa, vyote vimefunikwa shuka chini ya kitanda changu. Ile prosesa ya mtumba, Wakhisi alimwekea kando. Zilibaki kadi na diski, ambazo zilipatikana Nairobi tu, na zilikuwa ghali kuliko vyote. Hapo akina mama wafinyanzi wa Katito wakamwomba awatengenezee filamu ya kazi yao, ionyeshwe siku ya kufungua ghala lao jipya. Lornah akakubali, akamuaga Oketch na kuacha kazi. Oketch hakupiga kelele. Alisema atamngoja hadi mwisho wa mwezi, na akirudi atatia sahihi kwamba kila kanda atakayogusa maisha yake yote ni ya Oketch. Mnaona mtego wenyewe. Kompyuta isipokamilika, mtoto anarudi utumwani.

Tukaenda nyumbani kwetu Pap Onditi kuomba ukoo utusaidie, na kwa kweli watu walitoa. Shangazi Rosa alitoa hadi nikaona aibu. Lakini kwa kuwa mume wangu hayupo, msemaji alikuwa kaka yake, Absalom, mwenye boti na biashara ya samaki wa mbuta kule ufukweni Luanda Kotieno. Akakusanya mchango wote, akaukunja, akautia mfukoni.

"Mimi ndiye nitakayekwenda Nairobi," akasema. "Msichana atavuliwa hata viatu."

"Baba Mkubwa, naomba twende wote," Lornah akasema. "Vitu vyenyewe ni viwili tu, lakini..."

"Mimi nimenunua injini kabla hujazaliwa. Nieleze nitaelewa."

Akamweleza. Akarudia. Absalom alitikia kwa kichwa huku macho yakiwa kwenye kuku aliyekuwa akichinjwa. Niliona. Nilitaka kusema, lakini wanaume wakaanza sala.

Aliporudi aliita watu tena. Mzee wa kanisa akaiombea zawadi, akamwombea aliyeileta, akaombea barabara aliyopita. Kisha Absalom akafungua boksi moja, akatoa kitu cheusi, kipana, kama kanda ya video iliyokatwa nusu.

"Prosesa!" akatangaza. "Kubwa kuliko zote dukani. Muuzaji mwenyewe alisema hata serikali haina."

Watu wakapiga makofi. Lornah akachungulia ndani ya boksi, kisha akachungulia nyuma ya kiti cha Absalom.

"Baba Mkubwa, na kadi? Na diski?"

"Hizo ni vikorokoro, tutatafuta baadaye. Chombo ni injini. Ukishakuwa na injini, hata mtumbwi wa kuvulia omena utakimbia."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Kule ufukweni, injini ya boti ni kitu cha kuning'iniza. Unaifunga nyuma ya boti yoyote, unakaza skrubu, unaondoka. Boti ikichoka unaihamishia nyingine. Alidhani prosesa nayo ni hivyo. Lornah alikuwa amekuja na ule ubao wake ndani ya taulo. Akaufungua amwonyeshe. Mahali pa prosesa palikuwa mraba wenye matundu madogomadogo, na kile kitu cheusi kilitaka mfereji mrefu ambao ubao wake haukuwa nao.

"Haiingii hapa," akasema polepole.

"Itie nguvu."

"Nguvu haisaidii, Baba Mkubwa. Hakuna pa kuingilia."

"Basi fundi atatoboa." Akanyoosha vidole vyenye mafuta ya kuku kuushika ubao, na Lornah akauondoa haraka kama mtu anayemnyang'anya mlevi mtoto mchanga.

"Baba Mkubwa," akasema, "ukifunga injini ya nguvu za farasi arobaini kwenye kamtumbwi, si utapasua nyuma?"

"Unaongeza mbao!"

Wakacheka wote. Hata mzee wa kanisa alicheka hadi akajifuta macho. Na Lornah, binti yangu, akasema, "Asante, Baba Mkubwa." Angesema nini? Zawadi ya mkubwa wa ukoo ikishaombewa hairudishwi. Kuirudisha ni kutangaza ugomvi, na msichana hamtangazii Baba Mkubwa ugomvi. Asante ile iliniuma kuliko kicheko. Ilikuwa sawa na kuinamisha kichwa kule kwa Oketch.

Tulirudi Kisumu na ile injini. Wakhisi akaitazama, akapiga mluzi, akasema ni kitu kizuri mno, ila ubao wa kuibeba ni mwingine, na memori nyingine, na hata akivipata, bado hakuna kadi na hakuna diski. "Utakuwa na kompyuta ya kufikiria haraka sana," alisema, "lakini haina cha kufikiria." Lornah hakucheka. Mwezi ulikuwa unaisha. Asubuhi moja nikamwona anapiga pasi ile sketi aliyokuwa akivaa kazini kwa Oketch.

Nilichukua boksi la Absalom, nikalifunga ndani ya leso, nikaenda Luanda Kotieno peke yangu.

Nilimkuta ufukweni amesimama kando ya mizani ya sakafuni, anapima mbuta. Lori la kiwanda lilikuwa limeegeshwa likivuja maji ya barafu, na wavuvi wamepanga foleni na samaki wao.

"Shemeji!" akaita kwa furaha. "Umekuja kuchukua samaki wa mboga?"

"Nimekuja kukurudishia injini yako."

Furaha ikaisha. Akanivuta kando. "Mama Lornah, mambo ya nyumbani husemwa nyumbani."

"Nyumbani mlicheka. Mtoto anarudi kwa Oketch Jumatatu. Twende Nairobi ukabadilishe."

"Zawadi ile imeombewa."

"Basi mwite mzee wa kanisa aiombee irudi."

Mvuvi mmoja akaangua kicheko. Absalom akavimba. Alisema mimi ni mwanamke wa sokoni, nisimfundishe biashara. Alisema Dalmas angekuwa hai ningejua pa kukomea. Hilo hakupaswa kulisema. Dalmas angekuwa hai, fedha za mtoto wake zisingeingia mfuko wa mtu mwingine. Nilikwenda nikaketi juu ya mizani yake, kwenye lile bamba lenye utelezi wa samaki, na sketi yangu ya kutokea, na boksi mapajani.

"Shemeji, toka hapo."

"Pima. Niambie nina kilo ngapi."

"Toka, watu wanafanya kazi!"

"Hata Lornah alikuwa anafanya kazi."

Dereva wa lori akapiga honi. Wavuvi wakaanza kulalamika kwamba samaki wanaharibika. Mmoja akasema, "Mzee, mpe mama anachotaka, jua hili litatuua." Mwingine akasema kwa sauti, "Ama umnunue kwa bei ya mbuta!" Absalom alijaribu kunishika mkono aninyanyue, nikamtazama, akauachia. Mwanamume hamburuti mjane wa ndugu yake mbele za watu, na yeye alilijua hilo kama mimi. Barafu ilidondoka. Honi ikalia tena, ndefu.

"Haya!" akapaza sauti. "Haya! Nitakwenda!"

"Lornah ndiye atakayekwenda. Yeye atasema dukani. Wewe utasimama nyuma na risiti."

Nadhani alinichukia siku ile. Na mimi nilimchukia, na sijaacha sawasawa.

Walikwenda Jumapili kwa basi na Jumatatu wakawa dukani. Lornah aliniambia kwamba muuzaji alikataa kurudisha fedha, ila alikubali kubadilishana, kwa kuwa boksi lilikuwa safi, na akakata sehemu yake. Kadi aliyoitaka aliipata. Diski ilikuwa ndogo kuliko aliyoitaka, kwa hiyo ilibidi filamu ya Katito aiingize mafungu mafungu, akimaliza fungu moja analirekodi kwenye kanda, anafuta diski, anaingiza jingine. Absalom alibeba boksi njia nzima akinung'unika kwamba wamebadilisha ng'ombe kwa mbuzi.

Waliporudi, Lornah alichukua ile prosesa ya mtumba kwa Wakhisi, akaiunganisha kompyuta mezani kwangu mchana kutwa. Oketch alimtuma mtu mlangoni kuuliza kama anakuja au haji. Lornah alikuwa chini ya meza ameshika bisibisi mdomoni. Mimi nikamwambia yule mtu tuna kazi.

Siku chache baadaye Absalom akaja kuona. Skrini ilikuwa imejaa mikono ya akina mama wa Katito ikifinyanga udongo, picha safi hadi unaona vinyweleo vya mikono. Lornah alikuwa ameunganisha vipande viwili ili kimoja kiyeyukie ndani ya kingine, na kompyuta ilikuwa ikitengeneza mahali hapo pa kuungana, polepole, mstari ukisogea kidogokidogo. Sitadanganya, ilikuwa polepole sana.

Absalom akainama kati ya kasha na dirisha, akacheka puani. "Muda wote huu? Unaona sasa? Kwa injini yangu ingekuwa imemaliza tangu asubuhi."

Lornah hakuinamisha kichwa. Aligeuka kwenye kiti, akamtazama usoni.

"Ingemaliza nini, Baba Mkubwa? Ungekuwa umeniletea kitu cheusi cha kuweka kabatini, na mimi ningekuwa kwa Oketch. Sasa sogea hapo. Unazuia hewa ya feni."

Absalom alinitazama mimi, akingoja nimkemee mtoto. Nikamfungulia mlango.