Punda, Tembo na Plau ya Baba Mdogo

Ipo siku moja ya likizo ya Desemba ambayo siwezi kuisahau, mwanangu, na nimeona niiandike ingali mbichi. Najua hujazaliwa. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha tatu juzijuzi, na hili neno mwanangu linanifanya nifunike daftari kila mtu anapopita. Lakini bibi, mama yake baba, aliniambia kwamba mzazi hamwonyi mtoto kwa makosa ya jirani. Humwonya kwa kosa lake mwenyewe, tena alitunze lingali linamuuma. Basi nakutunzia hili.

Kabla hatujafunga shule pale Mpanda, mwalimu wetu wa uraia alitufundisha vyama vya siasa vya Marekani. Nchi yetu ilikuwa imetoka tu kwenye uchaguzi wa vyama vingi, akasema tujue na wenzetu wanafanyaje. Kule vyama vikubwa ni viwili, kimoja alama yake ni punda, kingine tembo. Niliandika kila alichosema, na kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Kila chama kina kamati ya chini kabisa mtaani, nyingine ya wilaya, nyingine ya jimbo, na ya taifa juu. Tukadhani ya juu inaziamrisha za chini, kama mwalimu mkuu na viranja. Mwalimu akasema hapana, kila moja ina mamlaka yake. Mwenyekiti wa chama si bosi wa rais. Mgombea naye hapatikani kwa vikao vya wakubwa tu, wananchi wa kawaida humpigia kura ya mwanzo, ndipo mkutano mkuu unampitisha. Na kadi ya kukata, kama zetu, hakuna! Katika majimbo mengi mtu huenda mwenyewe kujiandikisha kuwa ni wa punda, au wa tembo, au si wa yeyote, na akichoka anabadilisha.

Chama kisicho na kadi, mwenye chama ni nani? Nilitaka kuuliza. Mkono ukainuka mpaka usawa wa bega, ukarudi chini. Ndivyo nilivyo, mwanangu, na ndipo kosa lilipoanzia.

Kazi ya likizo ilikuwa tuchore muundo wa chama, halafu tuwaulize watu wa nyumbani wangejiandikisha wapi kama wangekuwa Wamarekani, na kwa nini.

Nyumbani kwetu Sibwesa, baba na baba mdogo wanalima pamoja tangu walipohama Usukumani na ng'ombe wao. Baba ana maksai wawili. Baba mdogo ana wawili na plau, jembe la kukokotwa na ng'ombe. Ardhi ya kule ni ngumu, bila maksai wanne plau haiendi. Baada ya vyama vingi kuja, baba alibaki na kadi yake ya zamani, baba mdogo akachukua ya chama kipya. Walikuwa wanataniana tu wakila ugali sahani moja.

Mimi nikaona aibu kuwauliza. Nikakaa nyuma ya ghala, nikawagawa mwenyewe. Juu nikaandika PUNDA, chini yake baba, mama na bibi. Upande wa pili TEMBO, nikamweka baba mdogo, mke wake na watoto wao wote. Sababu ya kumweka kwa tembo nakwambia kweli: ni mnene.

Daftari nikalisahau kwenye mkeka. Baba mdogo akaliokota, akasoma taratibu kwa sauti, kidole juu ya kila jina.

"Tembo? Mimi ndiye mla mahindi ya watu?" Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. "Nani kakutuma uandike majina?"

Kwetu majina ya watu huandikwa na balozi wa nyumba kumi, na yakishaandikwa hujui yanakwenda wapi. Nilipaswa kusema ni kazi ya shule. Maneno manne tu! Nikainama nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Akamgeukia baba. "Kaka, ni wewe?"

"Nikuandikishe wewe ili iweje?" baba akasema.

"Unajua mwenyewe. Tangu nichukue kadi ile unaniangalia kama mgeni."

"Basi nenda kalime na chama chako!"

Baba mdogo akafungua maksai wake, akachukua plau, akaenda. Kesho yake mvua ya kwanza ikanyesha, nzuri kweli, na baba akasimama shambani mikono mitupu. Siku ya tatu akasimama vilevile. Nikajiuliza, tusipopanda wiki hii, mwakani tutakula nini?

Bibi akaniita jikoni.

"Kwenye daftari lako mimi umeniweka wapi?"

"Kwa punda, bibi."

"Nani kakwambia mimi ni wa punda?"

Nikasogeza kuni motoni.

"Na huko Marekani mtu huandikwa na mjukuu wake?"

"Hapana, bibi. Hujiandikisha mwenyewe."

"Sasa wewe umesoma, au umebeba daftari tu?"

Nikalia. Nikajitetea kwamba hata hivyo wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Bibi akageuza mwiko kwenye ugali. "Hiyo ni ya fahali. Maksai umewahi kuwaona wanapendana? Wanapigana pembe usiku kucha, asubuhi wanafungwa nira, shamba linalimwa. Nenda kaulize ulichotakiwa kuuliza."

Asubuhi nikaenda. Nilimkuta baba mdogo katikati ya shamba, plau imezama, maksai wake wawili wamelala chini wanahema.

"Mwangaluka, baba mdogo," nikamwamkia kwa Kisukuma chetu.

"Mwangaluka. Umekuja kuniandika tena?"

"Nimekuja kuuliza. Ilikuwa kazi ya shule. Hakuna aliyenituma, niliona aibu tu kuwauliza."

Akaachia mpini wa plau. Halafu akaketi juu ya tuta, akasema nimsomee yote. Nikasoma.

"Hao tembo wakishindwa uchaguzi?"

"Wanakaa bungeni upande wao, wanawapinga punda, wanasubiri uchaguzi mwingine."

"Hawahami?"

"Mwalimu hakusema."

"Na wakiwa wanabishana, nani analima?"

Nikapekua daftari, hamna. Mpaka leo sijui.

Akachukua kalamu yangu, akakata jina lake mwenyewe, mstari mmoja mnene. "Hapo pabaki wazi. Nikiamua nitajiandika. Kamwambie baba yako alete maksai. Ila kadi yangu sirudishi!"

Nilipomfikishia baba, akasema, "Nani kamwomba arudishe?" Tayari alikuwa anatafuta kamba.

Walilima siku nne, wakibishana kuanzia mwanzo wa mfereji wa plau hadi mwisho wake. Mahindi yameota.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu aliuliza mbele ya darasa kwa nini mchoro wangu una jina lililokatwa na nafasi tupu. Safari hii nikasimama. "Mwenyewe bado hajaamua, mwalimu." Akaniwekea alama ya vema.

Mwanangu, vyama vya kule bado sijavielewa vizuri, na vya kwetu pia. Nilichoelewa ni hiki: usimweke mtu upande kabla hajafungua mdomo wake, hata kama ni baba yako mdogo na unadhani unamjua. Kuuliza si ujinga. Na ukiulizwa jibu, maana kimya changu kiliharibu kuliko daftari. Aibu haiui, mimi nimeijaribu.

Mungu akukuze, akupe mvua ya wakati wake na ndugu wa kufunga nao nira. Siku utakapopewa daftari, akupe na mdomo wa kuuliza.